Kipimo cha Tangi

Buhongwa, Mwanza
4 Agosti 2025

Mwanangu Selina,

Pokea salamu za baba yako. Mimi ni mzima, ila goti linanikumbusha umri kila nikishuka ngazi za boti. Natumaini wewe na mumeo Kevin hamjambo huko Dar es Salaam, na kazi ya karakana inakwenda. Naandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu gatini mtandao ni wa kubahatisha, na mambo ya ufundi yakisemwa kwenye simu yanapotea nusu.

Nina tatizo la choo. Usicheke kwanza.

Wiki iliyopita nilibeba kwaya ya kanisa, watu thelathini na wawili, kwenda Ukerewe na kurudi. Walikunywa soda utadhani wanashindana. Tukiwa katikati ya ziwa wakati wa kurudi, tangi la choo likajaa na kurudisha kila kitu juu. Aliyekuwa ndani ni mama mchungaji. Alitoka ameshika viatu mkononi, akaenda kukaa mbele kabisa peke yake, na kwaya haikuimba tena mpaka Mwanza. Mihayo, yule anayeniletea wateja, ameniambia kwa upole kwamba likitokea tena atawapeleka kwenye boti nyingine.

Wewe unajua mimi sijawahi kuwa na kipimo. Nagonga tangi kwa spana. Likiwa tupu linalia vizuri, likijaa linatoa mlio mfupi, mzito. Miaka ishirini na nane ya chumba cha injini, njia hiyo haikunidanganya hata siku moja. Lakini sasa yapata miezi kadhaa kila nikigonga linaniambia limejaa, hata kama gari la majitaka limetoka kulinyonya muda huo huo. Nikaona chuma kimezeeka, nikaacha kulisikiliza. Ndiyo matokeo yake hayo.

Wapo wanaofungua koki usiku na kumwaga ziwani. Mimi siwezi. Maji hayo hayo watu wanachota ng'ambo ya pili.

Wewe ndiye fundi umeme wa boti katika ukoo huu. Nichagulie kipimo kizuri, unitumie kwa basi.

Wasalaam,
Baba yako

---

Kigamboni, Dar es Salaam
12 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, Kevin anakusalimu sana. Pole na goti, na mpe pole mama mchungaji. Nilijizuia kucheka mpaka pale kwenye viatu.

Jumapili nilikupigia, ukaniambia "sawasawa mwanangu" mara tatu, ukakata kabla sijauliza swali hata moja. Kweli mtandao wenu ni wa hovyo, basi na mimi naandika.

Vipimo viko vya aina nyingi. Kuna cha boya linaloelea ndani ya tangi, ni rahisi, lakini karatasi za chooni hulinasa, na siku moja litakwama chini na kukuambia tangi ni tupu huku mama mchungaji ameingia tena. Kuna kinachopimwa kwa bomba dogo la hewa, ila kinataka mafundi wa kukisafisha mara kwa mara. Mimi nimekuchagulia sensa za kubandika. Unazigandisha nje ya tangi, moja chini, moja katikati, moja juu, na zinatambua maji yalipofika bila kutoboa chochote wala kugusa uchafu. Wateja wetu wa hapa wanazipenda sana.

Nimezituma leo kwa basi pamoja na barua hii. Safisha tangi kwa spiriti kwanza, usibandike juu ya kutu.

Nimefurahi umeniomba mimi, Baba.

Binti yako,
Selina

---

Buhongwa
25 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko salama, vumbi tu. Tangu daraja la Busisi lifunguliwe kila mtu anapita barabarani kwa mwendo wa ajabu, hata wale ambao hawana wanakokwenda.

Nimebandika sensa zako. Kwa mujibu wake, tangi langu limejaa asubuhi, limejaa mchana, na limejaa baada ya kunyonywa. Nilidhani nimekosea nikabandua, nikasugua, nikabandika upya. Limejaa.

Halafu nikasoma kile kikaratasi cha maelezo, maana mimi husoma kikaratasi nikishashindwa, kama mafundi wote. Kimeandikwa: kwa matangi ya plastiki tu. Fundi Selina, uliyekulia juu ya boti hii na kulala mgongo ukiegemea tangi hilo wakati wa mvua, umesahau kwamba tangi la baba yako ni la chuma?

Sikusemi. Nakutania. Huko kwenu boti ni za kitalii na kila kitu ni plastiki, nahodha naye karibu awe plastiki. Lete kingine. Mihayo ana wageni mwezi ujao, walimu wa shule moja, na walimu nao hunywa maji.

Baba yako

---

Kigamboni
3 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limetulia.

Nimeona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Bosi wangu Revocatus alipoisoma barua yako alicheka akakaa chini, akasema wewe ndiye unayepaswa kuajiriwa.

Hiki ninachokutumia sasa nimekifikiria kwa siku nne. Sensa yake inakaa juu ya tangi, kwenye tundu moja tu. Inapiga sauti ambayo binadamu hawezi kuisikia, sauti inagonga maji na kurudi, na kwa muda iliotumia kurudi, sensa inajua maji yako wapi. Chuma hakiisumbui. Tangi likifika robo tatu king'ora kinalia pale kwenye usukani.

Kulikuwa na cha taa pia, taa nne za rangi zinazopanda kadiri tangi linavyojaa. Nikakiacha. Nikajiambia, nahodha macho yake yanatakiwa yawe majini muda wote, asiangalie taa za choo. Masikio ndiyo yako huru. Kwa hiyo nimechagua cha mlio mtupu.

Pembeni ya kisanduku kuna kitufe chekundu cha kujaribu. Ukibonyeza kinalia, tangi liwe tupu au limejaa.

Binti yako,
Selina

---

Buhongwa
15 Septemba 2025

Mwanangu Selina,

Salamu nyingi. Afya ni njema, tunamshukuru Mungu.

Nimekifunga Jumapili nikiwa peke yangu gatini, Odeta anayenikusanyia nauli alikuwa kanisani. Kazi yenyewe ni nyepesi, tundu nililitoboa kwa dakika kumi. Tatizo, kimekufa. Nimebonyeza kile kitufe chekundu si chini ya mara ishirini. Kimya. Nimekagua nyaya, umeme unafika. Nikabonyeza tena nikakishikilia muda mrefu, na watu wa boti za jirani wote wakawa wananitazama kama nimevua samaki wa ajabu, mmoja akanipungia mikono. Nikampungia na mimi.

Uliniambia kinapiga sauti isiyosikika na binadamu. Naona na king'ora chake ni cha ukoo huo huo.

Nimekirudisha na barua hii. Badilisha, na safari hii chukua kile cha taa. Kwa umri wangu mtu huamini anachokiona.

Baba yako

---

Kigamboni
22 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na ukimaliza usikasirike haraka.

Kisanduku kilifika Ijumaa. Nilikiunganisha kwenye betri pale karakana, nikabonyeza kitufe. Revocatus alimwaga chai yake. Walinzi wa ng'ambo ya barabara walikuja kuuliza kuna nini. Nikabonyeza tena na tena mpaka wakaniomba niache. Baba, hakijafa. Kinalia vibaya mno.

Wale watu wa boti za jirani walikuwa wanakuomba uzime.

Nilikaa nacho mezani jioni nzima, nikawa nakumbuka vitu. Tangi linalosema limejaa kila siku. "Sawasawa mwanangu." Jinsi ulivyoacha kupiga simu tangu mwaka jana, ukasema ni mtandao, wakati Odeta yuko gatini hapo hapo na tunazungumza naye vizuri. Nimejiona mjinga. Mimi ni binti yako na nimejulishwa na kifaa cha choo.

Husikii, Baba. Sijui ni kwa kiasi gani, lakini husikii.

Sasa nina kazi ya kuchagua na sijawahi kuona ugumu wa kuchagua kama huu. Cha taa ninacho hapa kwenye rafu. Nikikituma kesho, tangi lako halitafurika tena, mama mchungaji atarudi, na hakuna mtu atakayejua. Lakini taa zitakuambia habari za tangi tu. Honi ya boti nyingine nani atakuambia? Mtu akianguka majini akapiga kelele nyuma yako? Una abiria thelathini. Nikikituma nitakuwa nimekusaidia kujificha, na wao hawajui.

Nenda ukapimwe kwanza. Nakuomba sana.

Binti yako anayekupenda,
Selina

---

Buhongwa
30 Septemba 2025

Selina,

Nilikuomba kipimo cha tangi. Sikukuomba kipimo cha baba.

Nimeendesha boti kabla hujazaliwa. Kama kifaa huna, sema huna, nitanunua kingine hapa hapa.

Baba

---

Kigamboni
2 Novemba 2025

Baba,

Shikamoo. Mwezi umepita na sijapata hata mstari. Namuuliza Odeta, anasema u mzima na unaendelea na safari, na kwamba umerudia kugonga kwa spana. Nashukuru kujua u mzima.

Mimi na Kevin hatujambo.

Sitaomba radhi kwa nilichoandika, ila naomba radhi kama nilikiandika kama mkubwa anayemsema mdogo. Cha taa bado kipo kwenye rafu. Kila asubuhi nakiona. Mara mbili nimeshakifunga kwenye boksi nikaandika jina lako, nikafungua tena.

Kuna jambo moja naliongeza kwa sababu limenikaa rohoni. Mwezi wa tano nilikupigia simu. Nilikuwa na habari nzito sana, na uliponijibu, ulisema: "Tushukuru Mungu mwanangu, msalimie Kevin." Kisha ukakata. Nililia siku hiyo, nikasema baba yangu amekuwa mtu wa namna gani. Miezi mitatu sikukupigia, ukadhani labda nimebanwa na kazi. Nilikuwa nimekuchukia kidogo, Baba. Nilipoirudisha ile simu kichwani baada ya kisanduku kulia, ndipo nikaelewa. Sijui kama nilijisikia vizuri au vibaya zaidi.

Ukiwa tayari kuandika, nipo.

Selina

---

Buhongwa
7 Desemba 2025

Mwanangu Selina,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, neno ambalo sijalitumia mara nyingi. Mwili hauna homa. Kuhusu mengine, endelea kusoma.

Tarehe kumi na sita mwezi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka visiwani na abiria kumi na tisa. Mvua ikatushukia, ile ya kuja kama ukuta, huoni mbele ya boti. Nikapunguza mwendo, nikawa natazama kioo. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa, kwangu kulikuwa kimya kizuri. Ghafla Odeta akanishika mkono akauvuta usukani kwa nguvu zake zote. Nikamgeukia nimfokee, nikaona mdomo wake unakwenda, na abiria wote wamesimama mdomo wazi. Ndipo ukatokea mtumbwi pembeni yetu, karibu niuguse kwa mkono, wavuvi wanne, mmoja anapiga sufuria kwa kasia. Walikuwa wamepiga sufuria hiyo muda mrefu, Odeta aliniambia baadaye. Boti nzima ilisikia isipokuwa mimi.

Hakuna aliyeumia. Wale wavuvi walitutukana, ninavyodhani, kisha mvua ikawafunika.

Tulipofika gatini nilizima injini nikakaa. Abiria walishuka, kila mmoja ananitazama usoni. Sikulala usiku huo. Sura ya yule aliyeshika sufuria naiona mpaka leo, alikuwa wa umri wako.

Nimekwenda hospitali. Walinifungia kwenye chumba kidogo na vipokea sauti masikioni, wakaniambia ninyooshe kidole nikisikia mlio. Nikasubiri waanze. Walikuwa wameanza zamani. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia lina nusu. Daktari anasema ni injini, miaka yote ile. Watanipatia kifaa cha kuvaa, kitasaidia kwa lile la kulia, lakini usukani niuache.

Nimeuacha. Sasa boti inaendeshwa na Okal, Mjaluo wa upande wa Mara aliyekuwa akivusha watu Busisi kabla ya daraja. Ni mtu makini, anaimba sana, lakini hilo haliniathiri. Mimi nimeshuka kwenye injini, nilikoanzia maisha. Mihayo na mchungaji niliwaita nikawaeleza mwenyewe, kabla hawajasimuliwa na watu.

Kwa hiyo chagua sasa kwa akili ya watu wawili. King'ora kikae juu kwa Okal. Taa zikae chini kwangu. Kama hakuna chenye vyote viwili, unganisha wewe, ndio ufundi wako.

Sasa lile la mwezi wa tano. Nimeisoma barua yako ya mwezi wa kumi na moja mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Mwanangu, tangu nianze kutosikia nilikuwa na majibu matatu: sawasawa, tushukuru Mungu, na msalimie fulani. Nilikuwa nayazungusha kwa kila mtu, sokoni, kanisani, kwenye simu. Watu wakanisifu nimekuwa mpole uzeeni. Sijui nimekosa mangapi. Wengine siwezi kuwauliza tena. Wewe naweza.

Uliniambia nini?

Baba yako

---

Kigamboni
15 Desemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea bafuni nimejifungia, kisha nikampa Kevin naye akaisoma. Asante kwa kushuka. Najua usukani ule ulikuwa nini kwako.

Kipimo kiko ndani ya kifurushi hiki. Ni kile cha juu ya tangi, na nimeunganisha nyaya mbili: nyeupe iende kwenye king'ora cha Okal, ya bluu iende kwenye taa zako. Nimepima mara sita. Kikaratasi cha maelezo nimekiandika mwenyewe kwa mkono, uanze nacho safari hii.

Na hili ndilo nililokuambia mwezi wa tano. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Nilikuwa sijakuambia kwa sababu nilitaka nije nayo Mwanza, nishuke kwenye basi uione mwenyewe. Tarehe nane mtoto aliacha kucheza. Nilimzaa hospitali akiwa ameshakufa. Alikuwa wa kike, ana vidole virefu kama vyako. Nilikupigia siku hiyo hiyo nikiwa bado kitandani kwa sababu mama hayupo tena, na sikuwa na mtu mwingine niliyetaka kumwambia kwanza.

Kevin alitaka akupigie na yeye. Nikamwambia usipige, Baba nimeshamwambia.

Ni hayo.

Binti yako,
Selina

---

Buhongwa
18 Desemba 2025

Mwanangu, mwanangu,

Kifurushi kimefika. Sijakifungua, nimefungua barua tu.

Nimeisoma nikiwa gatini, nikakaa chini pale pale. Odeta alidhani ni goti. Nilimpa aisome, akalia, na mimi nikalia, Okal akavua kofia akakaa pembeni yetu.

Nilimshukuru Mungu kwa kifo cha mjukuu wangu. Nilikuambia hivyo wewe ukiwa kitandani. Hujanitukana, hujanisema kwa mtu, umenitafutia vipimo kwa siku nne nne huku umebeba hilo. Nisamehe, Selina. Nisamehe na Kevin anisamehe.

Mambo haya sitayajibu kwa karatasi. Nimekata tiketi ya basi la Jumapili. Barua hii imetangulia na basi la leo ili usishtuke ukiniona. Boti itakaa, Okal ana funguo.

Nikifika usinipikie wala usiniandalie kitanda kwanza. Kaa kulia kwangu, unieleze tangu mwanzo, alivyokuwa, mlimzika wapi, nani alikuwepo. Sema kwa sauti yako ya kawaida. Nisiposikia nitasema sijasikia.

Baba yako